Maswali na Majibu: Gari lina waranti, fundi ana dumu la oili nyekundu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Ilazo, ofisi yangu iko Mtumba. Mwaka jana nilikopa nikanunua gari dogo zero kilomita, giaboksi yake ni CVT. Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Sasa hivi limefika 41,000. Wakala aliyeniuzia yuko Dar es Salaam, na oili yake ya giaboksi kwa lita ni karibu mara tatu ya bei ninazoziona madukani hapa mjini. Fundi anayenifanyia sevisi ya injini amenionyesha dumu la oili nyekundu lililoandikwa ni ya magari yote. Anasema haidroliki ni haidroliki, yaani oili za giaboksi zote ni sawa, tumwage ya zamani tuweke hiyo, ila nisimwambie wakala. Je, nikitumia oili isiyo ya kampuni ya gari waranti inakufa? Na kama naruhusiwa, nichague ipi? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na maneno ya mwisho ya fundi wako, yale ya kutomwambia wakala. Fundi mwenye uhakika na anachoweka angekwambia utunze risiti na upige picha lebo. Huyu anataka siri kabla hata nati ya kumwagia oili haijalegezwa. Hilo dumu sijaliona, lakini nimeshalijua.

Waranti haifi yote kwa mpigo. Giaboksi ikigoma, wakala anavuta oili kidogo kwa bomba la sindano, anaipima, na akiona si ile iliyotajwa kitabuni basi giaboksi hiyo ni msalaba wako. AC na taa bado ni zake. Vitabu vingi vya waranti vinasema tumia oili fulani au inayolingana nayo kwa kiwango, na kwamba hitilafu iliyoletwa na oili isiyofaa hailipwi. Kwenye CVT, giaboksi ya puli na mkanda, wanabana zaidi. Nissan, kwa mfano, kwenye vitabu vya magari yanayotumia oili yake ya CVT iitwayo NS-3 huandika wazi kwamba oili nyingine itaharibu CVT na uharibifu huo waranti haiugusi. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza mimi au mtu mwingine, toa kile kitabu kwenye droo ya dashibodi. Najua bado kiko ndani ya nailoni yake.

Na kuna video mnatumiana kwenye simu, ya Mmarekani anayesema kampuni ya gari haiwezi kukulazimisha utumie oili yake. Anasema kweli, kwa kwao. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1975, Magnuson-Moss. Wewe gari umelinunua Tanzania. Hapa tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yenye vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko, lakini ukienda pale utaulizwa mkataba ulisema nini na wewe ulifanya nini. Ukijibu kwamba fundi alikwambia haidroliki ni haidroliki, mazungumzo yataishia hapo.

Sasa nifike kwenye hiyo "haidroliki ni haidroliki", maana kwa kweli imenichosha. Haupiti mwezi bila mtu kuniletea gari lililouawa na sentensi hiyo. Wekundu wa oili ni rangi tu. Iliwekwa ili ikivuja chini ya gari uitofautishe na oili ya injini. Hailainishi chochote, haipoozi chochote, wala haisemi chochote kuhusu kilichomo. Ukichukua oili tano nyekundu kwenye kaunta moja ya duka la spea pale Majengo, unaweza kukuta za viwango tofauti: ya Dexron III, ya Dexron VI, ya Toyota T-IV, ya Toyota WS na ya usukani. Zimimine kwenye glasi tano na mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu yote kwenye grisi, sitakwambia ipi ni ipi.

Lakini kwa giaboksi tofauti yake ni kubwa. Dexron III ikiwa na joto la nyuzi 100 uzito wake wa kutiririka ni kama sentistoki (ndicho kipimo chake) 7 na kitu. WS kwa joto hilohilo ni kama 5 na nusu. Giaboksi iliyotengenezwa kwa WS ina matundu na vali zilizopimwa kwa wepesi huo. Ukiipa nzito, klachi zinachelewa kushika au zinashika kwa kishindo, na baada ya muda unasikia gari linatetemeka kama limepita juu ya matuta madogo wakati barabara ni lami tupu. Honda nao walitoka Z1 wakaja DW-1, Hyundai wakatoka SP-III wakaja SP-IV. Hawabadilishi majina kwa kujifurahisha.

Halafu hiyo Dexron III yenyewe, ambayo hapa mjini inauzwa kama maji. General Motors walileta Dexron VI mwaka 2005 na baada ya 2006 wakaacha kabisa kutoa leseni ya Dexron III. Maana yake dumu lolote jipya leo lenye jina hilo, hakuna mwenye jina anayelisimamia. Inaweza kuwa oili nzuri, inaweza kuwa chochote. Lebo ni ya aliyeichapisha.

Na yote hayo ni ya giaboksi za gia za kawaida. Yako ni CVT, ambayo ni mnyama mwingine. Ndani hakuna gia zinazopanda moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati, na nguvu yote ya injini inapita pale chuma kinapogusana na chuma, katikati kukiwa na utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili nyingine nyingi kazi yake kubwa ni kulainisha. Ya CVT inatakiwa ilainishe na palepale imsaidie mkanda kushika puli usiteleze. Ukiweka ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza kidogo kila unapokanyaga mafuta, na kila unapoteleza unachuna puli.

Mwaka juzi, kwenye upepo ule wa Septemba, mama mmoja aliletewa gari lake gereji kwangu likivutwa kwa kamba kutoka njia ya Mtera. (Kuvuta CVT kwa kamba magurudumu yote yakiwa chini ni kosa jingine, tuliache.) Alikuwa amebakiza miezi minane ya waranti. Nilifungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Mle ndani huwa kuna sumaku ndogo za mviringo za kudaka vumbi la chuma. Kwenye CVT nzima sumaku inavaa uji mwembamba wa kijivu. Ukiufuta kwa kidole unakuwa laini kama poda. Zile zilikuwa zimeota manyoya, na ndani ya manyoya kuna vipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Oili iliyomwagika kwenye beseni ilikuwa nyekundu, safi, ya kupendeza. Ilikuwa na wiki sita tu. Nikafungua kitabu chake: oili ya giaboksi ile kutoka kiwandani ni ya kijani. Rangi haithibitishi kwamba oili ni sahihi, ila siku ile ilimsuta mtu. Wakala alikataa, na sikuwa na neno la kumtetea yule mama. Alinunua giaboksi ya mtumba.

Kwa hiyo swali lako la pili, uchague ipi. Angalia jina la kiwango lililoandikwa kitabuni, herufi kwa herufi. Usiende na jina la gari, usiende na mwaka. Kisha soma dumu kwa utulivu, maana kuna tofauti kubwa kati ya "imeidhinishwa na", "inakidhi" na "inafaa kwa". Ya kwanza ina kampuni iliyotengeneza gari nyuma yake. Dexron VI halali, kwa mfano, huwa na namba ya leseni kwenye chupa. Hiyo ya mwisho ni maneno ya mwenye oili peke yake. Dumu lenye orodha ya magari arobaini, kuanzia pikapu ya Marekani hadi CVT ya Japani, linakwambia "inafaa kwa". Sisemi zote ni mbaya. Zipo kampuni kubwa za oili zinazotengeneza oili nzuri za CVT peke yake, na mimi nazitumia kwenye magari yaliyokwisha waranti, mengine mwaka wa nne huu yanakwenda Singida na kurudi bila neno. Ila ya CVT na ya gia za kawaida kwenye dumu moja, hiyo siiweki hata kwenye gari la adui.

Kwako wewe, mwenye waranti mkononi: nunua ile ile ya kitabuni. CVT ndogo ukiimwaga inatoa kama lita tatu au nne, nyingine inabaki ndani ya konveta na mifereji. Piga hesabu ya tofauti ya bei kwa lita nne, halafu uliza bei ya kubebesha gari lenye giaboksi iliyokufa kwenye lori kutoka hapa mpaka Dar, kilomita 450 hivi. Wala si lazima uiwekewe Dar. Muulize wakala kwa ujumbe wa maandishi, siyo kwa simu, kama ukinunua oili yao na kuwekewa na gereji ya Dodoma waranti inabaki. Wengi watajibu. Jibu hilo litunze pamoja na risiti ya EFD, picha ya namba ya toleo kwenye dumu na picha ya kilomita kwenye dashibodi siku hiyo.

Na kabla ya hayo yote, uliza kama muda umefika. Kitabuni kuna majedwali mawili, la matumizi ya kawaida na la matumizi mazito. Kama gari lako linakwenda Ilazo na Mtumba kwa lami, bila mzigo, 41,000 huenda bado. Fundi anayetaka oili imwagwe aliiona wapi kwamba imechoka? CVT nyingi za sasa hazina hata kijiti cha kupimia. Na kama aliiona nyeusi kidogo, kubadilika rangi si kuungua. Iliyoungua inanuka, unaijua kabla hujaiona. Ila usije ukaangukia upande wa pili, wa wale wanaosema oili ya giaboksi ni ya maisha. ZF wa Ujerumani, ambao giaboksi zao ziko kwenye magari mengi ya kifahari yanayopita hapa na vioo vyeusi, wao wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka minane.

Siku ya kubadilisha, simama pale. Kiwango cha oili hakipimwi kwa macho wala kwa "tumetoa lita tatu turudishe tatu". Mara nyingi kinapimwa injini ikiwaka, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa. Baadhi ya Toyota za WS ni kati ya nyuzi 35 na 45 tu, na joto hilo linasomwa kwa mashine. Saa nane mchana hapa Dodoma, gari likitoka barabarani, umeshapita huko zamani, na oili iliyovimba kwa joto itakudanganya kwamba imejaa. Fundi akichukua chupa ya maji iliyokatwa kitako iwe faneli, akaifuta kwa tambara la fulana, mzuie. Nyuzi za tambara lile nimezitoa kwa koleo ndogo ndani ya vali za giaboksi, unyuzi mmoja umeziba tundu, na mwenye gari alishaambiwa anunue giaboksi nzima.

Wapo na wanaoosha giaboksi kwa dizeli "itoe uchafu". Wapo wenye chupa ndogo ya dawa ya giaboksi, tone moja gia zinalainika. Zinalainika kweli, kwa wiki mbili, muda wa kutosha dalali kuuza kimeo. Ukiona mtu anakimbilia chupa kabla ya kupima gari kwa mashine, chukua ufunguo wako.

Mwisho ni hilo dumu orijino utakalonunua. Likiisha usiliache gereji na usilitupe hivihivi. Kuna watu wanapita kuyakusanya yenye vifuniko na lebo safi, na wiki ijayo linarudi dukani limejaa kitu kingine, jekundu. Litoboe kwa msumari kitako, uchane na lebo.