Miguu ya njano, kiota kitupu

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mwezi uliopita nilinunua kuku majike sita mnadani, muuzaji akanihakikishia kwamba wote wanataga. Niliwachagua mwenyewe waliopendeza: manyoya yanang'aa, miguu ya njano kabisa. Nawalisha pumba na makombo ya jikoni, na mchana nawafungulia wazunguke uani. Hadi leo sijaona hata yai moja. Jirani anasema ni kwa sababu sina jogoo. Dukani nako nimeuziwa dawa ya unga ya kuchanganya kwenye maji. Mume wangu ameanza kuulizia supu. Nifanyeje?
Mama wa Kuku Sita, Kibaha

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto avute subira, kuku hawajashindikana bado.

Nilipofika kwenye hiyo miguu ya njano nilitabasamu. Kuku mwenye asili ya miguu ya njano akishaanza kutaga, rangi anayoipata kwenye chakula inakwenda kwenye kiini cha yai, na mwili wake unapauka. Huanza kupauka kwenye njia ya haja, kisha ukingo wa jicho, halafu mdomo, na miguu inakuja mwisho. Aliyetaga miezi kadhaa mfululizo utamkuta miguu imefifia inakaribia weupe, manyoya yamechakaa, pengine na shingo iko wazi. Mnunuzi akimwona huyo anampita, anamfuata mrembo. Mimi mnadani naanza na wale wabaya wa sura. (Wa kienyeji wenye miguu myeusi au ya kijivu usiwapime kwa njia hii, utawaonea.)

Basi wako yaelekea hawatagi, na kama waliwahi kutaga kwa muda mrefu ni siku nyingi. Hawajaanza, au wamepumzika? Usiku wakishatulia, mshike mmoja mmoja. Chini ya mkia, kulia na kushoto kwa njia ya haja, utagusa ncha mbili za mifupa ya nyonga. Kikipita katikati yake kidole kimoja kwa taabu, huyo hayuko kwenye kutaga. Vikipita viwili hadi vitatu, na njia yenyewe ni pana na ina unyevu, anataga au amekaribia. Tazama na upanga kichwani: mdogo uliopauka bado, mwekundu uliojaa tayari.

Chotara wengi huanza kutaga wakifika miezi mitano hivi, wa kienyeji miezi sita au saba, na aliyelishwa ovyo huchelewa zaidi. Mnadani hakuna cheti cha kuzaliwa. Kuku jike yeyote mwenye uzito ataambiwa "anataga huyo, mama". Kwa maelezo yako, nadhani umeuziwa matembe, yaani majike wachanga ambao hawajaanza kutaga. Lakini ukikuta miguu yenye magamba mazito na magumu, ujue umepewa mzee. Wenye mabanda makubwa huwaondoa kuku wa mayai wakifika mwaka mmoja na nusu hivi, na hao huishia mikononi mwa wachuuzi. Huyo mpe mume wako supu yake. Kuna na uwezekano wa tatu: aliyemaliza kunyonyoka manyoya juzijuzi naye hung'aa hivyohivyo, na mapumziko yake huchukua hata miezi miwili, mitatu.

Sasa pumba. Hapa nitasema kwa ukali kidogo: pumba inajaza tumbo, haitengenezi yai. Ganda la yai moja tu lina gramu 2 hivi za kalsiamu, na pumba haina kiasi hicho hata ukiwamwagia gunia. Nunua chakula cha kuku wa mayai, gramu 120 kwa kila kuku kwa siku; kwa sita haifiki kilo moja. Mfuko ukibana, changanya pumba na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Chokaa ya mifugo iweke kwenye kopo lake pembeni, kila mmoja achote anachohitaji, maana kwa tembe ambaye hajaanza ikizidi inaumiza figo. Maji yasikauke hata mchana mmoja.

Safari ya kwenye tenga na ugomvi wa kugombea ukubwa bandani husimamisha utagaji wiki mbili tatu. Wewe umeshavuka muda huo, kwa hiyo tusiusingizie.

Jirani yako mpe pole. Kuku hutaga bila jogoo. Mayai hayataanguliwa, basi. Hiyo dawa ya unga soma lebo yake. Ikiwa ni antibayotiki, irudishe dukani: haitagishi kuku asiye mgonjwa, na kuku akitumia, mayai yake hayaliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Afadhali hela hiyo uwachanje kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri na ukague utitiri kwenye nyufa za banda usiku kwa tochi.

Jambo la mwisho, kwa kuwa unawafungulia. Kabla hujawalaumu, pekua chini ya michongoma, nyuma ya tangi na kwenye rundo la kuni. Kisha kwa wiki nzima wafungie bandani hadi saa sita mchana, uwawekee viota viwili vyenye nyasi kavu kwenye kona yenye kigiza. Wengi hutaga kabla ya saa hiyo. Kama lipo yai, utaliona, ila uwahi kuliokota, maana kenge naye ana ratiba yake.