Voyager, episodi ya "Threshold": mijusi siyo tatizo

Mkuu, umeuliza kama "Threshold", episodi ya Star Trek: Voyager (tamthilia ya televisheni kuhusu meli ya angani iliyopotea mbali na nyumbani), ni mbovu kweli au watu wanafuata mkumbo tu. Nimeitazama mara tatu, ya mwisho likizo ya Desemba na binti yangu, na mimi nafundisha baiolojia, kwa hiyo ina mahali inaponigusa.

Kwa ambao hawajaiona: ni ya msimu wa pili, ilirushwa Januari 1996. Tom Paris, rubani wa meli, anarusha chombo kidogo mpaka kasi ya 10, ambayo kwenye kipimo chao ni kasi isiyo na mwisho. Anarudi salama, kisha mwili unaanza kubadilika. Mwishowe anamteka Kapteni Janeway, wote wanageuka viumbe kama mijusi na kuzaa watoto watatu.

Wengi wanacheka mijusi. Mimi naitetea kazi ile, na urembaji wa sura ulishinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka huohuo. Nusu ya kwanza ni nzuri kabisa. Kabla ya safari, Daktari wa meli anagundua kwamba Paris ana hatari ya asilimia 2 ya damu kuvuja kwenye ubongo, Janeway anataka kumpa afisa mwingine, Harry Kim, kazi hiyo, na Paris anamsihi asimnyang'anye. Huyu ni mtoto wa admirali, aliyetolewa gerezani, na anatafuta jambo moja la kumrudishia heshima. Robert Duncan McNeill aliicheza ile sehemu kwa moyo wote.

Kinachoniudhi ni sayansi. Paris anapitia mabadiliko ya mamilioni ya miaka ndani ya siku chache, peke yake. Darasani natumia vipindi vizima kuwaeleza vijana kwamba mtu mmoja habadiliki hivyo. Kinachobadilika ni kizazi baada ya kizazi, kutegemea nani ameishi na kuzaa katika mazingira yale. Hakuna ngazi iliyokwishaandikwa mwilini inayosubiri kupandwa. Brannon Braga, aliyeandika muswada, alikuja kukiri hadharani kwamba episodi ni mbaya. Alitaka kuonyesha kuwa mageuko si lazima yaelekee kwenye akili kubwa zaidi. Wazo zuri hilo! Lakini kwenye skrini halionekani, limebaki kichwani mwake.

Halafu kuna tundu kubwa zaidi. Tamthilia nzima imesimama juu ya jambo moja: meli iko miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya miaka 75. Hapa wamepata kasi ya kufika popote papo hapo, na Daktari ameweza kuwarudisha wagonjwa wote wawili kwenye ubinadamu wao. Basi wafungasheni watu, mwende nyumbani, mkatibiwe huko! Hakuna anayelitaja. Wiki inayofuata safari inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwandishi akishavunja ukuta wa hadithi yake namna hiyo, mtazamaji ataihofia vipi ile miaka 75?

Binti yangu wala hakujali kasi. Janeway na Paris walipokuwa wamepona, wanazungumza kitandani kwa Daktari kuhusu yaliyowapata, akaniuliza, "Baba, na wale watoto watatu wamebaki na nani?" Nikarudisha nyuma tukaangalia tena. Wameachwa kule kwenye matope, na mama yao hakuuliza hata mara moja.