Msitu Usiohitaji Hodi

Kwa miaka mitatu ya kwanza niliyoishi Slough, magharibi mwa London, nilipita kando ya misitu kwa basi na kwa treni bila kuingia hata mmoja. Sababu haikuwa uvivu wala baridi. Niliamini kwamba kila mti niliouona una mwenyewe, na kwamba mtu mweusi akionekana peke yake ndani ya uzio wa wenyewe atatakiwa kujieleza. Sisi tuliolelewa pwani tumefundishwa kupiga hodi mara tatu na, tusipoitikiwa, kurudi tulikotoka. Sasa msituni utampigia nani hodi? Nimezungumza na Waswahili wengi wanaoishi huku, wauguzi, madereva na wanafunzi, na wengi wao wananieleza hofu hiyo hiyo kwa maneno mengine. Ndiyo maana ushauri wangu hauanzi na viatu wala koti la mvua, bali na haki ya njia, kwa kuwa mtu asiyejua kwamba anaruhusiwa kuwa mahali hawezi kutulia hapo, hata pawe pazuri namna gani.

Nchini England zipo njia za umma ambazo mtu yeyote anaweza kuzipita kwa miguu, na nyingi kati yake hukatiza mashamba na misitu ya watu binafsi. Mwenye ardhi hana ruhusa ya kuzifunga kwa hiari yake. Utazitambua kwa kibao kilichoandikwa Public Footpath au kwa mshale wa njano uliopigiliwa kwenye nguzo. Mshale ukiwa wa bluu, ujue kwamba wapanda farasi na waendesha baiskeli nao wanaitumia njia hiyo, kwa hiyo tembea ukisikiliza nyuma yako. Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya lango dogo la mbao lenye mshale wa njano, na hatua mbili kando yake palikuwa na kibao kingine kinachoonya kwamba ardhi ile ni mali ya mtu. Nilikuwa nimekwisha kugeuka nirudi pale bibi mmoja mzee, aliyekuwa na mbwa wake, aliponieleza kwamba onyo lile linahusu ardhi iliyo kulia na kushoto, lakini njia yenyewe ni ya wote. Akalifungua lango, akalishika kwa mkono mmoja mpaka nikapita. Baadaye nilinunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ya kipimo cha 1:25,000, ambayo huonyesha njia hizo kwa vistari vya kijani, na tangu hapo sijarudi nyuma langoni.

Ukitaka msitu wa kuanzia, nakushauri Burnham Beeches, ulioko Buckinghamshire. Si kwa sababu uko karibu na kwangu tu, ingawa ukishuka katika kituo cha Burnham kwenye reli ya Elizabeth utaufikia kwa mwendo wa kama saa moja kwa miguu, bali kwa sababu ya jinsi ulivyopatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1870 eneo lile lilitangazwa kuuzwa, na lilikuwa hatarini kugeuzwa viwanja vya nyumba za matajiri. Mwandishi wa mambo ya misitu, Francis George Heath, aliwasihi viongozi wa City of London, halmashauri ya kitovu cha kale cha London, wauokoe, na mwaka 1880 wakaununua kwa kutumia sheria iliyopitishwa mwaka 1878, iliyowawezesha kununua maeneo ya wazi nje ya jiji ili watu wapate mahali pa kupumzikia. Leo una takriban hekta 220. Humo ndani huhitaji hata kufuata mshale: ulinunuliwa ili wewe na mimi tuutembee, na unapoingia huna wa kumwomba radhi.

Miti yenyewe hutaisahau. Mingi ni ya aina iitwayo biichi, na mikongwe kati yake imepita miaka 400. Zamani wanakijiji walikuwa wakiipogoa kwa kukata matawi yote katika kimo kinachopita kichwa cha ng'ombe, ili machipukizi yasiliwe na mifugo iliyochungwa chini, na baada ya miaka kadhaa wakarudi kuvuna kuni kwenye shina lile lile. Desturi hiyo ilikoma, matawi yakaendelea kunenepa juu ya shina fupi, na leo utakuta mti uliovimba kama ngumi, wenye uwazi tumboni ambao mtoto anaweza kuingia akajificha. Upo mmoja ninaouendea kila mara. Gome lake ni la kijivu na laini kama ngozi ya tembo, limejikunja mahali matawi yalipokatwa, na mvua ikinyesha maji hukusanyika katika mikunjo hiyo, yakatiririka kwa mstari mmoja mweusi hadi mizizini. Mwanzoni mwa Mei, majani yanapochanua, yashike kwa upole uyatazame ukingoni: utaona vinyweleo vyeupe, laini kuliko hariri, ambavyo hutoweka jani linapokomaa.

Jambo litakalokushangaza, hasa kama umetoka mahali ambapo kuni ni za kuhangaikia, ni magogo makubwa yaliyoachwa yaoze palepale yalipoanguka. Usidhani ni uzembe. Mti uliokufa ni makao ya wadudu na kuvu ambao hawawezi kuishi kwingine, na msitu huu unalindwa kisheria kwa ajili yao pia. Kwa hiyo usiokote ukuni, usichume uyoga, usiwashe moto. Mimi nilizaliwa Kwale, pwani ya Kenya, si mbali na Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, na wazee wetu hawakuruhusu kitu chochote kitolewe katika kaya, hata ukuti mkavu. Nilipoelezwa masharti ya Burnham Beeches sikuona ugeni wowote. Wenzetu wanaoogopa mbwa nao wajue kwamba sehemu moja ya msitu ina sharti la kumfunga mbwa kamba. Na ukikutana na ng'ombe, usiogope. Wamevishwa kola inayotoa mlio wanapoukaribia mpaka usioonekana, nao hugeuka wenyewe.

Kuhusu mavazi sina mengi: vaa viatu visivyopitisha maji, kwani kuanzia Oktoba hadi Machi njia huwa matope matupu. Saa ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni, na chini ya miti giza hutangulia. Niliwahi kuingia saa nane mchana nikidhani nina muda wa kutosha, nikajikuta natafuta njia kwa mwanga wa simu iliyokuwa karibu kuzimika, na kwa kweli niliogopa. Siku hizi, majira ya baridi, naingia asubuhi. Upepo mkali ukitabiriwa siendi kabisa, kwa sababu matawi mazee hukatika bila kutoa taarifa.

Kupe nao wasidharauliwe. Wako majanini na kwenye kangaga, hasa kuanzia majira ya kuchipua hadi ya kupukutika, na baadhi yao hubeba bakteria wa ugonjwa uitwao Lyme. Chomeka suruali ndani ya soksi, na ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Watoto uwatazame pia kichwani na shingoni. Ukimkuta kupe, usimpake mafuta wala usimchome kwa kiberiti kama tulivyozoea kuwafanyia wa ng'ombe. Mbane kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu juu bila kumpinda, kisha usafishe pale alipong'ata. Wiki zinazofuata, ukiona wekundu wa duara unaopanuka, au ukipata homa, mwone daktari na umwambie waziwazi kwamba uling'atwa na kupe.

Ukiwa umekwisha kujipanga hivyo, usiende kuumaliza msitu. Wengi wetu hutembea kama tunaofukuzia basi, tukapiga picha kumi na kurudi. Chagua gogo moja, ukae robo saa, simu ikiwa mfukoni. Dakika tano za mwanzo utasikia nguo zako mwenyewe na pumzi yako. Kisha ndege walionyamaza ulipokuja wataanza tena: kigong'ota akigonga mbali, halafu robini, yule mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa, atashuka hatua tatu kutoka miguuni pako atazame kama umechokonoa udongo apate nyungunyungu. Mimi nafanya kazi za zamu za usiku, na hiyo robo saa imenipa usingizi ambao vidonge havikunipa.

Mama aliponitembelea mwezi wa Mei, nilimpeleka. Alipofika pale miti mikongwe inapoanzia alisimama, akanishika mkono akaninong'oneza, "Mwenyewe yuko wapi, mwanangu? Tusije tukafukuzwa." Nikamsimulia habari ya mwaka 1880, nikamwambia kwamba hapa mwenyewe ni kila aliyefika. Akanyamaza kidogo. Kisha akauachia mkono wangu, akainua ncha ya leso yake isiguse matope, akatangulia mbele peke yake hadi kwenye ule mti wa ngozi ya tembo, akaweka kiganja juu ya gome. Njiani kurudi aliuliza kama Jumapili tunaweza kuja na chupa ya chai na mahamri.