Unaenda kuwa agenti kituoni mara ya kwanza? Soma hii kwanza

Vijana mnaoenda kulinda kura za mgombea au chama kituoni mara ya kwanza hapa Kenya, mimi hii kazi nimeifanya chaguzi kadhaa na kitu nataka mshike ni kwamba mheshimiwa humuogopa yule anayeweza kumtoa kwa kiti. Kama ni kura yako inamtoa, atarudi kijijini apende asipende. Kama ni mkubwa fulani huko juu, hamtamwona tena.

Wazee wetu waliyaona haya 1988. Chama ni KANU peke yake, na kwa uteuzi watu wakaambiwa wapange mlolongo nyuma ya mgombea au picha yake, mchana kweupe, kila mtu anaona umesimama wapi, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akapita moja kwa moja, kura ya siri hakuna. Kuna pahali laini fupi ilitangazwa imeshinda ndefu na watu bado wamesimama hapo hapo! Sasa mbunge wa hivyo akiingia bungeni atabishana na serikali kwa niaba ya nani? Hana deni na nyinyi.

Kwa hivyo fikeni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mwone sanduku likiwa tupu, likifungwa, na muandike namba za sili. Usiku wakati wa kuhesabu ndio msisinzie kabisa, njaa na usingizi hupoteza kura nyingi, msimamizi akiinua karatasi na kusoma jina wewe weka alama kwa daftari yako, na hesabu ikikataa omba irudiwe, sheria inaruhusu hadi mara mbili. Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, usiisaini ikiwa tupu hata wakisema tunaokoa wakati. Chukua nakala yako, na ile inayobandikwa mlangoni piga picha.

Hiyo fomu ina uzito jamani. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais, majaji wanne kwa wawili, na kesi ilisimama sana kwa vile matokeo yalitumwa na hizo fomu zenyewe. 2022 IEBC, tume ya uchaguzi, ikaweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwa intaneti, mtu yeyote ajumlishe mwenyewe, so linganisha na yako.

Na ukikataa kusaini, andika sababu, kwa maana kukosa sahihi yako peke yake hakufuti matokeo na wengi huondoka na hasira wakidhani wamezuia kitu.