Familia iliyonyamazishwa inahitaji riwaya

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: historia ya familia ikiandikwa, iwe kumbukumbu yenye majina halisi au iwe riwaya? Mimi nasema riwaya, hasa kwa familia zilizoishi zama ambazo kusema kulikuwa hatari.

Mfano wangu ni Julie Wu, Mmarekani mwenye asili ya Taiwan. Alisoma fasihi Harvard, baadaye akasomea udaktari, na mwaka 2013 akachapisha riwaya iitwayo The Third Son, ambayo mbegu yake ni maisha ya wazazi wake. Inaanza mwaka 1943, Taiwan ikiwa koloni la Japani na ndege za Marekani zikishambulia. Saburo, mtoto wa tatu wa kiume asiyependwa kwao, anakutana na msichana Yoshiko wakati watu wakikimbia mabomu. Wanapoteana. Saburo anapokuja kumwona tena, anayemtaka binti huyo ni kaka yake mkubwa.

Kwa nini kisa hiki kisiandikwe kama kumbukumbu tu? Angalieni wazazi wa kizazi hicho walikopitia. Japani ilikitawala kisiwa tangu 1895. Shuleni mtoto alifundishwa Kijapani, nyumbani akazungumza Kitaiwani. Mwaka 1945 ikaja serikali ya Kuomintang, chama kilichotawala China wakati huo, na sasa lugha ya shule ikawa Kimandarini, yaani Kichina rasmi. Jioni ya 27 Februari 1947, mjini Taipei, maofisa wa serikali walimpiga mjane aliyekuwa akiuza sigara za magendo, na mtu mmoja katika umati akauawa kwa risasi. Kesho yake waandamanaji wakafyatuliwa risasi. Machi wakashushwa wanajeshi kutoka China bara. Ripoti ya serikali ya mwaka 1992 ilikadiria kwamba waliouawa ni kati ya 18,000 na 28,000. Ikafuata sheria ya kijeshi, 1949 hadi 1987. Kwa miaka 38 mzazi mwenye busara alimfunza mwanawe kufunga mdomo, na wengi waliohamia Marekani waliondoka na ukimya huo huo.

Mtoto wa watu kama hao hupewa vipande: jina la mtaa, mjomba asiyetajwa, safari isiyo na sababu. Anayeandika kumbukumbu atakwama pale wazee waliponyamaza. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kuingia humo na kujiuliza mtu alihisi nini.

Na hapa ndipo udaktari unaponivutia. Mimi ni muuguzi. Nimewaona madaktari hodari wakikaa kando ya kitanda cha mzee anayelalamikia tumbo, wakauliza habari za usingizi, za chakula, za nyumbani, hadi ukatoka msiba ambao hakuna aliyekuwa ameuuliza. Sikio la namna hiyo ni mtaji mkubwa kwa mwandishi. Tena daktari ameapa kutunza siri za watu. Riwaya inamwezesha kusema ukweli wa shangazi yake bila kumwanika shangazi mwenyewe, naye akiwa hai na majirani wakisoma.

Wapo watakaosema daktari abaki na wagonjwa wake. Hao hawaijui Taiwan. Chini ya Wajapani, njia nyingi za vyeo zilikuwa zimefungwa kwa wenyeji, hivyo vijana wengi wenye akili walikimbilia udaktari, na madaktari wakawa miongoni mwa sauti kubwa za jamii. Anayeitwa baba wa fasihi mpya ya Taiwan, Lai He, alikuwa daktari wa mji wa Changhua, kisiwani humo. Mwaka 1926 alichapisha hadithi ya muuza mboga maskini ambaye polisi anamvunjia mizani na kumbambikia kosa. Utawala wa Wajapani ulimfunga mara mbili, naye akafariki mwaka 1943, mwaka ule ule ambamo kisa cha Saburo kinaanzia.

Nina sharti moja tu kwa waandishi wa namna hii. Wabadilishe majina, wabuni mapenzi, wamhamishe bibi kutoka kijiji kimoja hadi kingine wakitaka. Lakini tarehe 28 Februari 1947 isisogezwe hata siku moja, na idadi ya wafu isipunguzwe ili hadithi iende vizuri. Zipo familia ambazo hadi leo hazijui wapendwa wao walizikwa wapi.