Taa za Tamasha Ndani ya Kuta za Kale: Maswali ya Wasomaji wa Kusini

Barua za mwezi huu zimetoka Mikindani, Lindi, Kilwa Masoko na Newala. Zote zinagusa jambo moja: namna ya kuwasha jukwaa penye jengo lenye umri mkubwa bila kuliumiza.

Shikamooni. Tunaandaa usiku wa taarabu katika ua wa jengo la kale la mawe hapa Mikindani. Jukwaa ni mita 8 kwa 6, kikundi kina watu 12 na wengi wanapiga wakiwa wamekaa. Mwenye dhamana ya jengo ametukataza kupigilia hata msumari. Tuweke taa zipi, na wapi? – Msomaji, Mikindani

Marahaba. Huyo mwenye dhamana msikilizeni. Kuta za matumbawe na chokaa ni laini kuliko saruji. Msumari wa zege ukiingia, plasta hubanduka kipande kikubwa kuliko tundu lenyewe, na mvua za masika hupitia hapo hapo. Utepe wa gundi nao hung'oa chokaa. Boriti za mikoko zilizobeba dari msizining'inizie kitu, hata zikionekana imara, maana uzee wa mti huanzia ndani ya ukuta ambako jicho halifiki. Kila taa isimame kwa miguu yake.

Anzeni na nyuso. Tafuteni taa nne za fresneli (taa za lenzi zenye mwanga wa kingo laini) za LED, wati 200 kila moja, zenye mwanga mweupe wa joto wa kelvini 3200. Zipandisheni mbili mbili kwenye stendi mbili za winchi, zile zinazopandishwa kwa kuzungusha mkono. Stendi moja isimame usawa wa pembe ya kulia ya jukwaa, ya pili usawa wa pembe ya kushoto, zote mita 3 mbele ya mstari wa waimbaji. Kutoka hapo hadi mwimbaji wa katikati ni mita 5. Taa zikiwa mita 5 juu ya ardhi na jukwaa likiwa na kimo cha sentimita 60, mwanga utamfikia aliyekaa kwa pembe ya digrii 33 hivi, na hapo uso unaonekana vizuri, macho hayaumizwi. Mkiishia mita 4 pembe hushuka hadi digrii 24: wapigaji watakunja nyuso na vivuli vyao vitachorwa ukutani nyuma yao. Kila stendi ibebe mifuko minne ya mchanga ya kilo 20, kwa sababu upepo wa ghuba hauna ratiba.

Ongezeni taa nne za PAR, zile za jukwaa zenye umbo la kopo, ubavuni, mbili kila upande, kimo cha mita 2, na nne nyuma ya jukwaa kimo cha mita 3 zikilenga mabega. Hizi za nyuma ndizo zinazomtenga mwimbaji na ukuta. Ngozi nyeusi hupendeza sana chini ya mwanga wa kaharabu au mweupe wa joto unaotoka mbele na ubavuni kwa pamoja. Buluu ikitoka mbele peke yake, uso hupotea, yakabaki meno na nakshi za mtandio. Wekeni buluu nyuma au ukutani. Kijani kisiguse uso wa mtu kabisa.

Ukuta wenyewe ni nusu ya mapambo yenu. Taa nane ndogo za wati 50, zikiwekwa chini na kutazama juu, zinatosha. Ukuta uliochakaa na kuonyesha mawe yake, sogezeni taa hadi sentimita 30 au 40 kutoka ukutani: mwanga unapanda ukiparuza, na kila tundu la tumbawe linatoa kivuli chake. Ukuta laini wa chokaa, rudisheni taa hadi mita 1 na nusu ili mwanga utandazike. Kisha zipunguzeni hadi asilimia 20 au 25. Wengi hukosea hapa. Chokaa nyeupe hurudisha mwanga mwingi, na ukuta ukiwaka kuliko nyuso, hadhira itatazama ukuta.

Jumla ni wati 2,400 mkihesabu PAR kwa wati 150. Kwa volti 230 ni ampia 10 na ushei. Kebo ya milimita 2.5 za mraba yenye urefu wa mita 50 itapoteza karibu volti 9. Ya milimita 4 itapoteza chini ya 6, nayo ndiyo ya kununua. Ifungueni yote kutoka kwenye roli, kwani kebo iliyozungushwa hushika joto hadi ganda likayeyuka. Kwenye chanzo iwepo breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30.

Ulengaji wa taa fanyeni usiku wa kuamkia tamasha. Jua likishazama giza huingia haraka, na kazi hii huchukua muda wa saa mbili nzima.

Taa zetu za LED hupepesa kila ngoma ya besi inapolia. Wakati mwingine hupepesa hata muziki ukiwa kimya. Tatizo ni jenereta? – Fundi mitambo, Lindi

Ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake. Kinachofuata besi ni umeme: amplifaya huvuta ghafla, jenereta ndogo inashuka volti kwa sekunde moja, na taa za bei rahisi haziwezi kuvumilia. Tenganisheni muziki na taa, kila upande na jenereta yake. Mkiwa na moja ya fezi tatu, muziki uwe fezi moja, taa nyingine. Jenereta isibebe zaidi ya asilimia 70 ya uwezo wake.

Kinachotokea muziki ukiwa kimya mara nyingi ni waya wa mawasiliano wa DMX, ule unaopeleka amri za rangi na mwanga kwenye taa. Chomoeni waya huo na wekeni taa kwenye rangi moja kwa vitufe vyake zenyewe. Zikitulia, umeme hauna kosa. Angalieni kama mmetumia kebo ya maikrofoni badala ya kebo ya DMX ya ohmu 120, kama taa zimezidi 32 kwenye mstari mmoja, na kama taa ya mwisho imefungwa kizibo chenye rezista ya ohmu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3. Bila kizibo, ishara hufika mwisho na kurudi ikigongana na inayokuja. Pini zifuteni kabla ya kuunganisha, maana chumvi ya pwani huzifanya ziote ukungu wa kijani.

Tumewaza onesho dogo la muziki kando ya Gereza la Kilwa Kisiwani. Vifaa vitavuka kwa mashua. Tujihadhari na nini? – Msomaji, Kilwa Masoko

Kwanza kibali cha maandishi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863. Gereza hilo, ambalo ni ngome ya kale, lilianzishwa na Wareno mwaka 1505, na sehemu kubwa ya kuta zilizosimama leo ni za enzi ya Waomani. Eneo la Msikiti Mkuu liacheni nje ya mpango wenu.

Kinachosahauliwa ni ardhi. Jenereta huhitaji fimbo ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, nayo hupigiliwa chini, na chini hapo kuna vigae na misingi ya mji wa kale. Ombeni kuonyeshwa mahali nje ya eneo linalolindwa, jenereta ikae huko, kebo ije juu ya ardhi. Kwa ukuta wa ngome tumieni taa za betri. Hazina waya wa kutega miguu ya watu. Chaji ijazwe Masoko, na taa zijaribiwe usiku kucha kabla ya siku yenyewe, kwa rangi na kiwango mtakachotumia, kwa sababu nyeupe kamili humaliza betri mapema kuliko rangi moja.

Katika mashua, taa zifungwe kwenye plastiki ndani ya ndoo zenye vifuniko, petroli isafiri safari yake peke yake.

Tunaleta mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, Mikindani kutoka huku juu. Fundi anataka taa kali mbele. Ni sawa? – Kiongozi wa kikundi, Newala

Mzuieni. Mvaaji wa kinyago cha kofia huona kupitia mdomo wa kinyago, na mwanga mkali wa mbele humpofusha katikati ya hatua. Mwangaza mkuu utoke ubavuni, upande mmoja asilimia 70, wa pili 30, ndipo chale na nyusi zilizochongwa zitaonekana hata kwa walioketi nyuma. Ngoma ikichezwa mchangani vumbi litapanda, na taa za nyuma zitalifanya ling'ae. Nyunyizeni maji kidogo tu, msilimalize. Kona moja ibaki giza kabisa, mvaaji aingie na kutoka bila kuonekana. Fundi aionyeshwe na wazee wa kikundi wenyewe.

Mashine ya moshi? – Msomaji, Lindi

Kwenye jengo la kale, hapana. Kimiminika chake huacha utando kwenye mawe, na uani upepo utaubeba moshi kabla wimbo wa kwanza haujaisha.