Andiko la jinsia Dodoma: punguza mada kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama hojaji 100 zinatosha kwa andiko la uzamili pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kuhusu "wanawake na ardhi Dodoma". Shida si idadi, ni mada: pana mno. Chukua vijiji viwili, tuseme vya wilaya ya Bahi au Chamwino, na swali moja: nani anaamua shamba la alizeti lilimwe, likodishwe au liuzwe?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Ukiuliza "je, una haki?" utapata "ndiyo" tupu. Uliza hati ina jina la nani, na fedha za mavuno yaliyopita zilipokelewa na nani. Na wanaume wahojiwe pia. Jinsia si wanawake peke yao (kosa hili bado lipo tele kwenye maandiko ya maktaba).

Barua ya chuo ya kukuombea ruhusa ya utafiti inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, halafu wilaya, kata, kijiji. Toa nakala za kutosha, kila ofisi hubaki na yake.

Januari usiende, watu wako shambani. Mke na mume wahoji kando kando: mume akiwa kwenye kigoda hatua tatu tu kutoka hapo, jibu litakuwa "tunaamua wote". Mambo ya urithi wazee wengi huyaeleza vizuri zaidi kwa Kigogo, hivyo tafuta mkalimani mwanamke, asiwe ndugu wa mwenyekiti. Mjaribu kwanza kwa mahojiano matano nje ya vijiji vyako.